Mshono wa Gunia

Kitabu nilikinunua Posta, juu ya turubai,
shilingi elfu tatu, jalada hakina,
na kurasa za mwisho kuna mtu alizichana,
labda akafungia karanga.

Macho ya Mama yameingia ukungu tangu mfungo uliopita.
Mtoto wa jicho, daktari amesema, asubiri zamu.
Basi usiku, Ilala Bungoni, umeme ukishakatika,
namsomea kwa tochi ya simu,
natafsiri kwa kuungaunga,
naye ameegemea cherehani
kama mtu aliyeegemea punda wake mzee.

Ni hadithi ya kutunga, namwambia.
Mwanamke anaitwa Gitla, Myahudi,
mji wa Poland ambao jina lake linanishinda ulimi.
Mume wamemchukua sura ya pili.
Watoto watatu. Vita.

"Anafanya kazi gani?"
Fundi nguo, Mama.
Akanyoosha mgongo.

Sura ya tano amri imetoka:
kila Myahudi nyota ya manjano kifuani,
ishonwe pande zote, isipepee.
Askari wa njiani ana penseli,
anaichomeka chini ya nyota. Ikipenya, umekwisha.
Gitla anashona hadi alfajiri, subana kidoleni,
makoti matatu, la mdogo halizidi urefu wa mkono.
Penseli haipiti.
Ila kuna ncha moja ya uzi ameiacha ndani ya bitana,
na ukiivuta hiyo
nyota nzima inabanduka kwa mkupuo mmoja.

Mama akanidaka mkono. "Rudia hapo."
Nikarudia.
"Huo ni mshono wa gunia la unga!"
Akacheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia
tangu tumzike kaka yangu Mshamu.
"Mnyororo! Kawafichia mnyororo, mwanamke huyu!"

Nikaikumbuka kaptura ya Mshamu,
mwaka ule wa maduka matupu,
Mama aliikata kwenye mfuko wa unga wa msaada,
na makalioni maandishi ya kizungu yakisema hauuzwi.
Nikafungua mdomo niseme, kama wewe tu, Mama.
Akaniwahi.
"Usitulinganishe. Sisi tulikosa kitambaa.
Mwenzetu anawindiwa watoto."

Siku zile akawa anagombana naye kama jirani wa ukuta wa pili.
Mbona hakuondoka mapema? Maziwa ya mdogo anayatoa wapi?
Na yule mwenye nyumba, asimwamini, macho yake mepesi.
Ijumaa akamtaja kwenye dua, baada ya marehemu wetu.
Nikamwambia, Mama, Gitla hajapata kuwapo duniani.
"Kwani dua inauliza kitambulisho?"

Ukurasa wa mwisho tulionao ni alfajiri.
Gari la maziwa linakuja, mwenye gari amekubali watoto, watoto tu.
Gitla amechuchumaa mbele ya Perla, miaka tisa,
ameshika kidole cha binti yake, anakipitisha ndani ya bitana,
gizani, koti la kwanza, la pili, la tatu,
mpaka kidole kijue kwenda chenyewe.
Koti lake Gitla, nyota ameishona kwa fundo.
Farasi akasimama. Gitla aka

"Aka nini?"
Zimechanwa, Mama.
"Aka nini, we mtoto!"
Nikampa kitabu, akapapasa pale palipochanika,
akapapasa tena,
kama anayetafuta tundu la sindano.

Asubuhi nilimkuta ukumbini na mfuko mpya wa sembe,
mjukuu wake Zamda amepiga magoti mbele yake.
Amemfunga macho kwa leso.
"Siyo huo, huo unakaza. Sogea. Huu.
Umeusikia?
Sasa vuta, na ukishavuta
usisimame."